Ofisi ya Benchi la Chini

Nyumba yetu ina milango mitatu yenye komeo:
wa nje, wa choo, na wa sauna.
Wa nje una baridi. Wa choo una foleni.
Basi mimi, Urho, mtathmini wa madai ya bima,
nachapa kazi ndani ya sauna,
nimekalia benchi la chini,
kompyuta juu ya ndoo iliyofudikizwa,
na mawe ya jiko, yaliyopoa tangu Jumamosi,
yananikodolea kama wajumbe wa bodi.

Hapa Oulu, Desemba, jua ni mgeni mwenye haraka:
hodi saa nne, saa nane keshaaga,
chai hajainusa.
Tuulikki karudi kutoka wodini na usingizi wa watu kumi,
kalala na soksi miguuni.
Kichanga chetu Oiva kalala pia, nje, kwenye roshani,
ndani ya kigari chake, kafungashwa sufu na ngozi ya kondoo.
Ndivyo tunavyowalaza huku; hewa kali ndiyo bembelezi yao.

Sikio langu la kulia ni la kampuni.
La kushoto ni la roshani,
lina waya mwembamba unaoniletea pumzi zake.
Katikati ya masikio hayo
sijui nimebaki nini.

Kutwa watu hunisimulia hasara zao:
bomba lililopasuka, ghala lililoshika moto,
pete iliyotumbukia kwenye tundu la kuvulia
katikati ya ziwa lililoganda.
Nawauliza kwa upole ninaolipwa mshahara:
Ilikuwa saa ngapi? Nani alishuhudia?
Je, ungeweza kuzuia?

Saa tisa na nusu, nje giza totoro,
karatasi ikapenya chini ya mlango.
Fomu yetu hasa, kaichora kwa kalamu ya kijani
Helmi, darasa la kwanza, ufunguo shingoni:

Kilichopotea: saa tisa.
Mara ya mwisho ilionekana: ukutani.
Maelezo: Baba alisema saa tisa tutateleza kilimani.
Niliiangalia ikija. Nikavaa suruali ya theluji. Ikapita.
Thamani yake: kubwa.

Sikioni, Bi Kyllikki wa Kemijärvi
alikuwa akieleza jinsi kulungu wa kaskazini
alivyozuka mbele ya taa za gari lake.
Mlango ukagongwa. Nikaziba kinasa sauti kwa kiganja,
nikanong'ona neno lile, neno langu la miezi kumi na minne:
"Sasa hivi."
Kiganja hakikuziba kitu.
"Mfungulie," akasema Bi Kyllikki.
"Kulungu wangu keshakufa. Hana haraka."

Nikafungua.
Kofia, glavu, suruali ya theluji,
jasho juu ya mdomo.
Nusu saa nzima kavaa hivyo, humu ndani.
Nikatafuta kifungu cha kujifichia,
ninavijua vyote kwa namba,
kikakosekana.

Tukateremka na kigari, na Oiva, na kamba ya sleji.
Mara nne tu, chini ya taa za barabarani.
Mara ya tatu nilianguka, nikala theluji,
na Helmi akacheka mpaka mbwa wa jirani akajibu.
Nisikudanganye: saa zile nilizilipa.
Usiku wa manane nilikuwa benchini tena,
nikimtafutia kulungu namba ya faili,
na Tuulikki alipoondoka kwenda zamu
tuliagana kwa kidole kimoja kimoja, kupitia ufa wa mlango.

Jumamosi ofisi huhamia kwenye rafu ya viatu.
Nikawasha jiko, tukaingia wote, uchi kama viazi vilivyomenywa,
Tuulikki akamwagia mawe maji,
bodi ikafoka mvuke.
Ndipo tukasikia harufu.
Benchi la juu, chaja ya kampuni,
imelegea, inadondoka tone kwa tone kama asali nyeusi.
Tuulikki alicheka. Wiki nzima sikuwa nimekisikia kicheko hicho.
Helmi akainuka, mzito wa adabu:
"Nikuletee fomu?"